Nani Alimuuzia Ayanle Yule Fahali?

Meru mjini,
5 Februari 2024

Kwa Bwana Kailemia,

Umesema kazi yako huifanyi kwa simu, unataka kila kitu kwa maandishi. Haya, nimeandika. Barua nampa dereva wa pikapu ya maziwa anayekwenda Ruiri kila asubuhi. Ukifika huko, majibu yako mpe yeye huyo huyo.

Mimi ni Barwaqo, nauza vitambaa hapa mjini. Ndugu yangu Ayanle alikuwa mnunuzi wa ng'ombe. Mwezi uliopita, siku ya soko la Ruiri, alinipigia asubuhi akiwa na furaha tele. Akasema amepata fahali mwekundu, mzuri kuliko wote aliowahi kupakia, na amemnunua kwa kijana wa hapo hapo. Kabla ya adhuhuri alikuwa maiti. Mwanamke mmoja alimwona yule fahali akiwa amefungwa kwenye gari la Ayanle, akapaza sauti, "Mwizi!" Watu hawakuuliza la pili. Walimpiga kwa mawe mpaka hatukuruhusiwa kumwona uso alipokwisha kuoshwa.

Nilikwenda polisi. Afisa aliniambia, huku anachokonoa meno, "Mama, huyo aliuawa na wananchi wenye hasira. Sasa unataka tushike nani? Tushike soko?" Wananchi wenye hasira! Na mimi hasira yangu niipeleke wapi? Mbona yangu hairuhusiwi kuua mtu?

Ayanle ameacha binti, Ilwad, yuko darasa la nne na anakaa kwangu. Juzi alirudi kutoka shuleni amevuliwa mtandio, anaitwa mtoto wa mwizi. Kwa hiyo nataka mambo mawili. Nataka kujua nani alimuuzia ndugu yangu yule fahali, na nani alirusha jiwe la kwanza. Nikishawajua, nataka ukweli usemwe palepale Ruiri, siku ya soko, mbele ya wale wale waliomwita mwizi.

Nimekuchagua kwa sababu niliuliza watu wakaniambia ulifukuzwa polisi na huna haya. Sitaki mtu mwenye haya. Wenye haya wote wameniambia nimwachie Mungu.

Barwaqo

*

Ruiri,
13 Februari 2024

Bi Barwaqo,

Kuhusu haya, uliambiwa ukweli. Kuhusu kufukuzwa, uliambiwa nusu, na nusu hiyo inatosha kwa kazi yako. Simu siitumii kwa sababu nilipokuwa polisi niliwafunga watu wengi kwa simu zao wenyewe.

Nimepanga chumba nyuma ya duka la dawa za mifugo, nawaambia watu natafuta ndama wa kufuga. Siku ile soko lilifurika, lakini kila ninayemuuliza hakuwepo. Huyu alikuwa amempeleka mama yake hospitali. Yule alikuwa anachimba viazi. Mwenye hoteli ambayo mlango wake unatazama pale pale ndugu yako alipoangukia, ati alikuwa amelala. Sijawahi kuona umati mkubwa namna hiyo wa watu ambao hawakuwepo.

Mtu mmoja tu ndiye hakunidanganya, na ni yule yule aliyepaza sauti. Anaitwa Ciakuthii, mjane, hapa wanamwita Mama Mutugi kwa jina la mtoto wake wa pekee. Nilipomuuliza hakuzunguka. "Ni mimi," akasema. "Nilimjua ng'ombe wangu." Na ni kweli fahali alikuwa wake. Ng'ombe mama alikufa akizaa, naye akamlea ndama kwa chupa jikoni mwake, akamkata sikio kwa alama ya nyumba yao. Aliibiwa zizini siku chache kabla ya soko, na asubuhi ile akamkuta kwenye gari la mtu asiyemjua. Wewe ungefanya nini? Anasema mawe yalipoanza alipiga kelele waache, lakini hakuna aliyemsikia. Sasa haendi kanisani wala kisimani. Fahali amerudishiwa, amemfunga nyuma ya nyumba, hataki kumuuza wala kumchinja.

Nililala kwake. Ukoo wao ulitoka Tigania, na ukoo wangu wa Igembe ni gichiaro na wao, kwa hiyo nilipotaja ukoo wangu alinipikia kana kwamba mimi ndiye kifungua mimba wake. Mutugi alinipisha kitanda, akalala chini.

Jambo moja hutalipenda. Ndugu yako alimnunua fahali huyo barabarani, soko halijafunguliwa, hakuna dalali, hakuna barua ya chifu. Fahali mzuri, bei nyepesi, na hakuuliza. Sisemi alijua. Nasema hakuuliza.

Kailemia

*

Meru mjini,
16 Februari 2024

Bwana Kailemia,

Nimesoma barua yako nikaiweka chini, nikaichukua tena, nikatamani kuipasua. Umekula kwa mwanamke aliyemwitia ndugu yangu kifo! Umelala kitandani mwao! Kisha unaniandikia jinsi anavyomlilia fahali. Na mimi nimpe pole? Nimpelekee majani ya kumlisha?

Hiyo ya kutouliza, sawa, nimeimeza. Ayanle alikuwa mtu wa haraka, alipenda kitu rahisi tangu utotoni. Kama angeletwa mahakamani kwa kutouliza ningelipa faini, na ningemtukana njia nzima mpaka nyumbani. Lakini wewe uliyekuwa polisi niambie, kutouliza kunahukumiwa mawe?

Mama yule alipaza sauti kwa sababu alimjua ng'ombe wake. Nimesikia. Moyo wangu haujamsamehe, ila nimesikia. Sasa rudi kwenye swali langu. Ayanle aliniambia alimnunua kwa kijana wa hapo hapo. Kijana gani? Watu wa Ruiri wanajuana mpaka mbuzi wao. Muulize huyo anayekupikia, muulize na huyo anayekupisha kitanda. Usinijie tena na habari za chakula.

Barwaqo

*

Ruiri,
24 Februari 2024

Bi Barwaqo,

Nimeuliza kote. Aliyemuuzia ndugu yako fahali alikuwa mpita njia, inasemekana alielekea upande wa Isiolo na hajaonekana tena. Jina lake halijulikani. Jiwe la kwanza haliwezi kujulikana, watu walikuwa wengi.

Nakushauri tuishie hapa. Mwombee ndugu yako, mlee mtoto. Mengine hayana faida.

Kailemia

*

Meru mjini,
1 Machi 2024

Kailemia,

Leo sikuiti bwana.

Barua yako ya kwanza ilijaa mpaka sikio la ng'ombe. Hii ya pili ina mistari ya kuhesabika, tena inanukia kama taarifa za yule afisa mwenye kijiti mdomoni. Kati ya barua hizo mbili kuna kitu ulikipata. Njia ya mwongo ni fupi, na wewe umeishia mlangoni kwangu.

Kando ya duka langu kuna mama anaitwa Ciku, anauza nduma na ndizi. Nilimuuliza, hivi gichiaro ni nini? Akacheka, akaniuliza nimelitoa wapi neno hilo. Kisha akanieleza vizuri. Akasema ni undugu wa kiapo kati ya koo na koo, tangu mababu. Ukiwa gichiaro na mtu hakudanganyi, hakunyimi unachomwomba, na huwezi kumdhuru wala kumtoa kwa adui. Anayevunja hupata laana yeye na kizazi chake. Akasema hata leo mtu akiibiwa hutafuta gichiaro wa mshukiwa aende akamuulize, kwa sababu huyo ataambiwa ukweli.

Kumbe ndivyo ulivyofanya kazi yako! Na mimi nilidhani nimemwajiri mpelelezi.

Sasa nami nipeleleze kidogo, mimi muuza vitambaa. Fahali aliyelelewa kwa chupa jikoni hafuati mgeni. Angetolewa zizini na mtu asiyemjua, angeamsha kijiji. Alitoka kimya kwa sababu aliyemshika kamba ni wa nyumbani. Ayanle alisema kijana wa hapo hapo. Nyumba ya yule mjane ina kijana mmoja tu, na wewe umelala kitandani mwake. Ni Mutugi. Alimwiba fahali wa mama yake mwenyewe akamuuzia ndugu yangu. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini yule mama alikwenda kukitafuta kwenye nguo za Ayanle.

Kama nimekosea, niandikie neno moja tu: umekosea. Ukiandika kitu kingine chochote, nitajua nimepata.

Barwaqo

*

Ruiri,
6 Machi 2024

Barwaqo,

Unajua kuudhi mtu.

Unaandika juu ya gichiaro kama mtu aliyesimuliwa na mwanamume habari za kuzaa. Sikiliza. Nilipokuwa polisi nilisimama mbele ya hakimu nikala kiapo nikasema uongo, tena bila jasho. Nilipoteza majalada, nikapata majalada ambayo hayakuwahi kuwapo. Kila kitu kilichokuwa ndani yangu nimekiuza, na vingine niliviuza kwa hasara. Kimebaki hiki kimoja. Baba yangu alinifundisha, na mtoto wangu nitamfundisha, na sitakiuza kwako kwa sababu una uchungu.

Nilimuuliza mtu fulani swali kwa gichiaro. Hakunidanganya. Alitaka pikipiki, mama yake akamkatalia kumuuza fahali, akamtoa usiku. Hakukusudia kifo cha mtu. Lakini siku ya soko mama yake alipopaza sauti, ndugu yako hakukimbia. Alisimama akaangaza macho, akamwona kijana ndani ya umati, akamnyooshea kidole. "Ni huyu," akasema. "Ni huyu aliniuzia." Watu bado hawajasikia, kulikuwa na kelele. Kijana huyo akainama akaokota jiwe, akalenga mdomo. Akaupata. Waliofuata walidhani wanamsaidia mama.

Aliponieleza hayo alinishika mkono wa kulia akaniomba kwa gichiaro nisimtoe, si kwako, si kwa polisi, si kwa mama yake. Siwezi kumnyima, na jina lake hutalisoma kwa mkono wangu; wewe umelitaja mwenyewe. Ndiyo maana nilikuandikia uongo, na ningekuandikia mwingine kama ungeuamini.

Unaniita mwongo. Ni kweli. Tafuta mpelelezi mwingine, asiye na ukoo. Ukimpata niambie anaishije.

Kailemia

*

Meru mjini,
9 Machi 2024

Kailemia,

Alimlenga mdomo.

Siku tatu sikufungua duka. Ndugu yangu alikuwa anasema ukweli, Kailemia. Ulikuwa mdomoni mwake, umbali wa kutema mate kutoka kwa soko zima, na huyo kijana wako akaupasua. Kisha akaenda nyumbani kwao akala chakula alichopikiwa na mama yake. Kisha akakupisha kitanda!

Na wewe unaniambia habari za baba yako. Mimi nami nilikuwa na baba. Alimfundisha Ayanle akisingiziwa asikimbie, asimame amtaje mwenye kosa. Ona alivyofaidika.

Lakini sikuandikii nikutukane, ingawa nikiwa na nafasi nitakutukana. Nilimrudia Ciku. Sikumwambia jina, nilimuuliza tu, hiyo gichiaro inavuta upande mmoja? Akasema hapana. Kama yeye hawezi kunyimwa, na wewe huwezi kunyimwa. Yeye alikuomba umfiche, ukamficha. Vizuri sana, mila imetimia. Sasa ni zamu yako. Mwombe asimame sokoni Ruiri, siku ya soko, aseme kwa mdomo wake mwenyewe kwamba fahali alimwiba yeye, na jiwe alilirusha yeye. Hujamtoa. Hujavunja kitu. Umemwomba tu, kama ndugu anavyomwomba ndugu.

Umekaa Ruiri wiki mbili nzima ukilinda siri hii kama kuku anayeatamia. Mtu mjanja kama wewe, hilo halikukujia? Lilikujia. Ila uliogopa kwamba ukimwomba atakubali.

Usiniambie tena habari za kitu kimoja usichokiuza, kama unakitumia kumfunika muuaji tu. Mwombe.

Barwaqo

*

Ruiri,
19 Machi 2024

Barwaqo,

Nimemwomba.

Tulikuwa shambani kwao, anapalilia viazi. Nilimshika mkono wa kulia nikasema maneno yanayosemwa. Akaniambia, "Wee Kailemia, umeniua. Unajua umeniua?" Nikamwambia najua. Akaketi chini kwenye matuta, akalia kama mtu aliyefiwa, kisha akafuta uso, akasema siku ya soko atasema. Mama yake hajui. Atasikia pamoja na wengine.

Umeshinda, na natumaini ushindi huo utakutosha, kwa sababu mimi umenikosesha usingizi. Ulisema kweli, lilinijia. Lilinijia usiku ule ule aliponieleza, nikalifukuza, kwa sababu nawajua watu hawa. Niliona nguo za ndugu yako, zile walizozitupa mtaroni. Ukisema neno mwizi kwenye soko hili, mtu haachwi hai. Mutugi hatamaliza sentensi ya pili. Atakuwa ameuawa kwa gichiaro, na aliyemwomba ni mimi, kwa hiyo sijui kama nimeishika mila au nimeivunja. Wazee nisingethubutu kuwauliza.

Nitasimama kando yake. Pengine wakiona kuna mtu mzima amesimama watasita. Pengine hawatasita.

Usije. Nakuomba kwa heshima, si kwa hasira. Ulimpoteza ndugu hapa, huna haja ya kuona namna alivyokufa.

Kailemia

*

Meru mjini,
25 Machi 2024

Kailemia,

Nilikuja.

Niliazima gari, nikaja na Ciku, tukaegesha karibu na kinu cha kusaga mahindi ambapo ng'ombe hupakiwa kwenye malori. Nilikuona umesimama chini ya jukwaa la kupakilia, kifua mbele, umevua koti. Nami nitakwambia jambo ambalo sijamwambia hata Ciku. Sikuja kwa ajili ya jina la ndugu yangu peke yake. Nilikuja nimwone Mutugi akifa. Nilikuwa nimevaa nguo safi.

Alisema yote, hilo namkubalia. Alipanda jukwaani akapiga bati kwa fimbo mpaka watu wakageuka. "Fahali wa mama niliiba mimi," akasema. "Yule Msomali nilimuuzia mimi. Aliponinyooshea kidole nikampiga jiwe la mdomo, ndio mkaanza nyinyi." Ciku alinishika mkono, analia. "Mama Ilwad," ndivyo anavyoniita siku hizi, "twende, hawa watu watamuua sasa hivi." Nikamwambia akae.

Kisha yule mama. Sikuwa nimemwona, alikuwa upande wa wauza maharagwe, pengine siku yake ya kwanza kutoka nyumbani. Alitupa kikapu, akanyoosha mkono kwa mtoto wake wa pekee, akapaza sauti, "Mwizi! Mwizi! Mwizi!" Sauti ile ilijaa mpaka ndani ya gari. Nikamwogopa, na kwa mara ya kwanza nikamheshimu.

Nikasubiri. Ulikuwapo, wewe ulisubiri pia, niliona ulivyojikaza. Mawe yalikuwa tele pale chini, barabara bado inatengenezwa. Hakuna aliyeinama. Hata mmoja! Watu walitazamana, wakatazama viatu. Mzee mmoja mwenye kofia akaenda akamshika Mama Mutugi bega, nikamsikia akimwambia, "Mama, tulia. Hayo ni mambo ya nyumbani. Kijana amekosa, wazee watakaa naye." Mtu akacheka kidogo kwa aibu. Mwingine akauliza bei ya mbuzi. Mutugi akashuka, na mtu akamletea kiti. Kiti, Kailemia!

Nilirudi nyumbani nikamwambia Ilwad kwamba baba yake hakuwa mwizi, na kwamba watu wote wa Ruiri sasa wanajua. Nilidhani atafurahi. Akafikiri, akaniuliza, "Sasa shangazi, kumbe walimuua kwa nini?" Nikamwambia amalize chai yake.

Jibu ninalo, lakini si la kumpa mtoto. Nakupa wewe. Miezi yote hii niliamini walimuua ndugu yangu kwa sababu walidhani ni mwizi, na nikadhani nikimsafisha jina hasira yangu itapata pa kuishia. Sasa mwizi wamemwona, amesimama juu ya jukwaa, amekiri kwa kinywa chake, mama yake mzazi amewaitia. Wakamletea kiti. Kwa hiyo hawakumuua Ayanle kwa sababu ya wizi. Walimuua kwa sababu pale Ruiri hakuwa na mama wa kumwambia atulie, hakuwa na ukoo, hakuwa na gichiaro, na wote walijua hakuna atakayekuja kuuliza.

Mimi nimeuliza. Na nitakwambia ukweli mwingine, nashukuru hawakumgusa Mutugi, nimejua hivyo leo asubuhi nilipoamka nikaona ningekuwa na maiti wa pili kichwani. Lakini kiti sitawasamehe.

Siri uliyoombwa kuilinda imekwisha, mwenyewe ameisema sokoni. Jumatano nakwenda kituoni kuandikisha taarifa, na yule afisa ataniuliza nani alisikia. Mimi na Ciku atatuita watu wa upande mmoja, na watu wa Ruiri hawatakuwa wamesikia kitu. Ulikuwa tayari kupigwa mawe pamoja na Mutugi, nilikuona kwa macho yangu. Basi njoo usimame kando yangu kama ulivyosimama kando yake.

Barwaqo